Mikono Mifukoni, Mwalimu

Kumbukumbu ya Mwalimu Evaresta Temba, wa Kibosho na Oldonyo Sambu

Ni mwaka mzima sasa, Mama Brian, tangu uliponikabidhi beseni la chakula cha mbwa pale mlangoni ukasema unajilaza kidogo, kifua kinakubana. Nikalipeleka zizini, nikalisukuma chini ya senyenge kama ulivyonifundisha, nikasubiri mbwa wamalize, nikarudi nalo likiwa tupu. Hukuamka tena. Ilikuwa tarehe 22 Julai, saa tatu asubuhi, na ukungu ulikuwa bado haujaondoka mlimani.

Watoto wamenipa mimi kazi ya kuandika tangazo hili. Fransiska amesema maneno mia moja yanatosha, na picha, na saa ya misa. Brian amesema nisisahau majina ya wajukuu. Nimewasikiliza wote wawili, halafu nimefanya ninavyotaka, maana miaka arobaini na moja ya kuishi na wewe haiingii kwenye maneno mia moja. Tena nina jambo la kuungama. Hata wao hawalijui, watalisoma hapa pamoja na wengine.

Kwa wasiokufahamu, niseme kwanza ulikuwa nani. Ulifundisha shule ya msingi pale Daraja Mbili kwa miaka thelathini na miwili. Mimi nilikuwa na cherehani yangu ng'ambo ya barabara, nashona sare. Ulikuja siku moja umebeba kaptura saba mkononi, umekasirika, ukasema mifuko yangu ni mifupi na watoto wa darasa la pili wanadondosha penseli zao njiani. Nikairudia yote. Ukarudi na rula kuikagua, mmoja mmoja, mbele ya wateja. Hapo ndipo nilipojua nimekwisha, na mwaka uliofuata tukafunga ndoa.

Ulipostaafu, kila mtu alidhani utafungua duka la madaftari karibu na nyumba yetu ya Elerai. Wewe ukatangaza mezani, huku unamenya ndizi, kwamba unanunua shamba juu ya Oldonyo Sambu, jirani na msitu, na utafuga kondoo. Fransiska alicheka hadi akapaliwa na chai.

"Mama, wewe na kondoo?"

"Nimekaa na watoto sabini kwenye chumba kimoja," ulimjibu. "Kondoo watanishinda nini?"

Kondoo hawakukushinda. Fisi ndio walioanza kukushinda. Msimu wa kwanza walituchukulia tisa, na wa kumi alichukuliwa na chui mchana kweupe, kwenye ukungu, mita thelathini kutoka jikoni. Kila mtu alikuja na dawa yake. Huyu anasema tufunge makopo yagongane, yule anasema tuwashe taa, mwingine akaleta sumu kwenye kichupa, tupake mzoga tuuache kando ya msitu. Ya makopo uliijaribu. Ya sumu uliirudisha pale pale kwa mwenyewe. Ulisema sumu haichagui, leo atakula fisi na kesho atakula mbwa wa Joel.

Joel ni jirani yetu, Mwarusha, ambaye kwao kondoo na watoto wamekua kwenye ua mmoja. Naona lile neno la mbwa wake lilimgusa, maana wiki ile ile alikuletea mtoto wa mbwa wa wiki tano, mwenye madoa, anayenuka maziwa. Akakwambia umlaze na wanakondoo, na usimpakate hata kidogo. Hakusema zaidi ya hapo. Wewe ukaligeuza neno lake kuwa somo lenye ratiba.

Ulimwita Kiranja. Ulimtengea kona zizini pamoja na wanakondoo wawili waliofiwa na mama yao, ukamtandikia sufu. Chakula kilipita chini ya senyenge, ugali wa dona na dagaa, asubuhi na jioni, bila neno na bila mkono. "Asijue kabisa kwamba kuna kitu kinaitwa kupapaswa," ulikuwa unasema. "Akishajua mkono wa mtu ni mtamu atatuchagua sisi, na sisi tuna milango." Kiranja akakua anaamini kondoo ndio ukoo wake. Wakilala alilala katikati yao, wakihama malisho alitangulia kunusa, na mtu mgeni akitokea alisimama baina yake na kundi kama anayemuuliza ana shida gani.

Kwa hiyo ukaweka sheria yako pale getini. Yeyote anayeingia, awe padri, awe mwenyekiti wa kijiji, awe mkweo, alisikia sauti ile ile iliyotuliza madarasa: "Mikono mifukoni!" Watu wazima walitii kabla hawajauliza sababu. Na kwa sababu wanawake wengi walikuja na khanga zisizo na mifuko, ulinishonesha koti la wageni, la kitambaa kizito cha kijivu, mifuko miwili mirefu, ukalitundika kwenye msumari getini. Baadaye ulilivaa wewe mwenyewe zaidi ya wageni. Mfuko wa kulia uliweka chaki, ukimwandikia kila kondoo mgonjwa alama mgongoni.

Burhanuddin wa duka la vifaa vya ujenzi, uliyemfundisha darasa la tatu, alikuja kila mwaka kuchagua kondoo wa Idd. Mtu mzima, ana tumbo lake na miwani ya dhahabu. Akishuka tu kwenye gari, mikono yote miwili mfukoni. Mkewe Zahabiya aliingia ndani ya lile koti juu ya rida yake, lile vazi la Kibohora la kujisitiri, akacheka hadi machozi, na bado akatii. Burhanuddin aliniambia msibani kwamba hata sasa akisikia sauti ya mwanamke inapanda dukani, mikono inakwenda yenyewe.

Kwa miaka minne ya Kiranja tulipoteza mwanakondoo mmoja tu, naye alikuwa mgonjwa. Kila jioni ulisimama mlangoni pa zizi ukahesabu, ukaja jikoni ukavua mabuti, ukasema, "Wote wapo." Hapo ndipo tulipokula. Sikumbuki hata siku moja chakula kilichotangulia maneno hayo.

Kiranja alipoanza kuchechemea mguu wa nyuma, ukaomba mtoto mwingine kwa Joel, jike safari hii, ukamwita Monita. Ulipoondoka alikuwa na miezi sita. Ulikuwa umeniambia miezi ile ndiyo ya hatari, kwamba mbwa wa umri ule ni sawa na mtoto wa darasa la saba, anatafuta sababu ya kutoka nje ya uzio. Nilikuitikia huku nasikiliza redio.

Sasa naungama.

Siku ya msiba, kabla hatujakusafirisha kwenda Kibosho, wanaume walitaka kuchinja palepale kando ya zizi, kwa kuwa ndipo penye maji. Nikawakatalia. Nikawashusha hadi bondeni kwa Joel, mbwa wasione, kwa sababu ulikuwa hukubali kondoo achinjwe mbele ya anayemlinda. Sikuwa najua hata nimevaa viatu gani siku ile, lakini sheria hiyo niliikumbuka. Niliikumbuka hiyo, nikaja kuivunja ile ya mikono mifukoni.

Tulikuzika nyumbani, mgombani, ubavuni pa mama yangu. Nilikaa siku za matanga, kisha nikasema narudi kwa kondoo. Watoto walitaka kunisindikiza nikakataa. Jioni ile nilipika chai nikasahau kuinywa. Nikachukua koti lako pale kwenye msumari, nikakaa nalo kwenye kizingiti, magotini. Monita akapenya chini ya senyenge, pale palipolegea, akaja.

Hakuja kwangu, Mama Brian. Alikuja kwenye koti. Alinusa mfuko wa chaki, akazunguka, akanusa tena, halafu akaniangalia usoni kama anayeuliza umekwenda wapi. Nikamwekea mkono kichwani.

Sitajitetea. Sheria nilikuwa naijua kuliko mtu yeyote, mimi ndiye niliyeishonea mifuko. Ila kile kichwa kilikuwa na joto, na tangu Kibosho nilikuwa nimeshika mchanga na mikono ya watu wanaonipa pole tu. Kesho yake nikamngoja. Kesho kutwa nikamlisha wali mkononi. Haikuisha wiki akawa analala barazani juu ya koti lako, nami naacha mlango wazi nisikie anavyopumua. Niliona tunaomboleza pamoja. Zizini alibaki Kiranja peke yake na mguu wake mbovu.

Mwezi Septemba, alfajiri inapambazuka, ukungu mzito, nikasikia Kiranja anabweka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nikaruka. Monita naye alikuwa anabweka, lakini hapa hapa barazani, amesimama mbele ya miguu yangu, manyoya yamemsimama, hataki nipite. Alikuwa ananilinda mimi. Alifanya kazi yake sawasawa, ila mimi ndiye niliyembadilishia kundi.

Nilipofika zizini na rungu, majike matatu yalikuwa chini na fisi wamekwisha kuingia msituni. Kiranja alikuwa amelala kwenye pengo la senyenge, ameliziba kwa mwili wake. Kwa sababu hiyo hawakuingia wengine. Aliishi hadi saa sita mchana. Mimi na Joel tulimzika pale pale kwenye pengo, tukaweka mawe.

Jumamosi watoto wakaja. Brian alisimama juu ya yale mawe akauliza, "Na huyu mdogo alikuwa wapi?"

Nikasema sijui.

Ndilo jambo lenyewe. Nilimdanganya mtoto wako, na kosa langu nikamtwika mbwa asiye na mdomo wa kujitetea. Brian akasema Monita hafai kwa kondoo, atamchukua akamlindie geti kule Usa River. Fransiska akasema kondoo wauzwe kabla ya Krismasi, nami nihamie Elerai, chumba kipo.

Nikawakumbusha maneno yako, yale uliyosema jikoni baada ya ule msimu wa kwanza mbaya: kondoo hawa wakiuzwa, wauzwe kwa sababu tumechoka au tumezeeka, wasiuzwe kwa sababu ya fisi. Fransiska akalia kwa hasira, unamjua.

"Na ukiumia wewe, Baba? Mama hayupo wa kukuona!"

Niliwaambia tu wanipe muda hadi mama yao atimize mwaka. Fisi akichukua hata kondoo mmoja kabla ya siku hiyo, wasinibembeleze wala wasigombane nami, nitashuka mwenyewe na cherehani yangu, na kundi liuzwe. Brian akatazama mlima, akatazama yale mawe, akasema sawa. Akasema Monita naye abaki hadi siku hiyo.

Walipoondoka nilikwenda kwa Joel nikamweleza ukweli wote. Alikuwa anachonga mpini wa jembe, hakuacha kuchonga.

"Sasa Baba Brian," alisema, "mbwa hana kosa. Mbwa anajua kazi. Ni wewe wa kufundishwa."

"Nifundishe basi."

"Mwalimu alikufundisha miaka yote hiyo. Mimi nitakupa adhabu tu."

Adhabu yenyewe ilikuwa hivi. Kondoo wetu wakahamia kwenye boma lake, walale na wake, chini ya ulinzi wa mbwa wake wakubwa, akiwemo mama yake Monita. Monita akaingizwa humo humo, kwenye kona ya wanakondoo, aanze upya kama wa wiki tano. Mimi nikapigwa marufuku kukanyaga pale hadi nitakapoitwa. Nikakubali yote. Nilipofika nyumbani nikaona koti lako barazani, lina manyoya ya Monita na bado lina harufu yako kwenye kola. Nilikaa nalo muda mrefu. Kisha nikalikunja nikampelekea Joel, nikamwambia alitandike zizini, katikati ya kondoo. Kama mbwa anamtafuta mwenye koti, amfuate huko.

Nilipungukiwa siku ile, Mama Brian. Nguo zako nyingine Fransiska alikuwa amezichukua. Koti hilo ndilo pekee nililokuwa nimebakiwa nalo lenye wewe.

Monita alilia kwa siku tisa. Sauti ilivuka bonde ikaingia hadi chumbani. Nikatoa cherehani barazani nikashona mchana kutwa, kanyaga, kanyaga, ili mlio wa chuma unizibe masikio. Nilishona mapazia ambayo hakuna dirisha lililoyaomba. Siku ya kumi kukawa kimya na kimya hicho kikaniuma zaidi. Joel akapita kwenye uzio akasema, "Amelala na wanakondoo. Usije."

Sikwenda. Nilikaza senyenge yote, hatua kwa hatua, hadi vidole vikatoka damu. Burhanuddin alileta rola mbili za senyenge mwenyewe kwenye gari lake, amevaa suti yake, akashika ncha moja ya waya mimi nikashika nyingine. Pale penye mawe ya Kiranja nilipita na waya juu, sikuyagusa. Nikajishonea pia suruali nne zenye mifuko inayoshuka karibu na magoti. Fransiska aliniuliza ni mtindo gani huu, nikamwambia ni wa mafundi wa zamani.

Januari kondoo wakarudi nyumbani, na Monita katikati yao, amekuwa mkubwa, kifua kimepanuka. Alipopata harufu yangu alikuja mbio, mkia unapiga huku na huku. Nikaingiza mikono mifukoni hadi mwisho, nikageuka, nikampa mgongo. Alinizunguka. Nikageuka tena. Alikaa chini akaniangalia, halafu akatoa kisauti kidogo. Nilihesabu mabati ya paa la zizi kwenda na kurudi hadi niliposikia ameondoka.

Tukafanya hivyo kila asubuhi na kila jioni. Beseni chini ya senyenge, mgongo, mikono mifukoni. Kuna siku nilichukia sheria yako, nikuambie ukweli. Nilisema kwa sauti, pale uwani, kwamba wewe umekufa na mimi ndiye niliye hai, na kwamba mtu aliye hai anastahili kugusa kitu. Kisha nikaenda kuhesabu kondoo. Walikuwepo wote.

Mwezi wa tano, mvua za masika zinaishia na majike mengi yamezaa, fisi walirudi. Saa moja asubuhi, ukungu umeshuka hadi kwenye majani, kundi limeshatoka. Sikuona kwanza, nilisikia. Monita alibweka mara moja, kwa sauti nene hadi nikadhani Kiranja amefufuka. Kondoo wakajikusanya wakawa kitu kimoja. Nikakimbia hadi kwenye uzio wa juu, nikawaona: fisi wawili, mmoja mbele, mmoja anazunguka kwa nyuma kuelekea walipo wanakondoo.

Nilikuwa na rungu. Nilikuwa na sauti. Nikimwita Monita atakuja kwangu, na kundi litabaki wazi, kama Septemba. Nikaliangusha rungu nikaingiza mikono mifukoni, maana nilijua nikiinyanyua tu atadhani namwita. Sijawahi kufanya jambo gumu kama kusimama pale na kunyamaza.

Alinipata kwa harufu, nina hakika. Aligeuza kichwa upande wangu, sekunde moja. Halafu akaniacha. Akapita kati ya kundi na yule fisi wa nyuma, akajitanda, hakumfukuza mbali wala hakurudi nyuma. Yule fisi alimrukia, wakashikana, nikaona sikio la Monita linachanika. Hakulia. Akasimama tena pale pale. Sijui ilichukua muda gani. Mbwa wa Joel wakaitikia kutoka bondeni, na fisi wale wakaona siku imeharibika, wakajirudia msituni kwa mwendo wao ule wa kuchechemea.

Nilihesabu mara tatu. Wote wapo, Mwalimu. Hata mwanakondoo wa siku mbili alikuwepo, amesimama chini ya tumbo la Monita, na damu ya sikio inamdondokea mgongoni.

Bwana mifugo alikuja saa nne kushona lile sikio. Joel alimshika Monita. Mimi nilisimama nje ya senyenge. Mama Brian, yule kijana alishona kama anayefunga gunia la mkaa! Mshono mmoja huku, mwingine kule, uzi umevutwa hadi ngozi imejikunja. Miaka hamsini nimeshika sindano, na vidole vyangu vilikuwa vinacheza vyenyewe humo mifukoni. Sikio limepona, limepinda kama ukurasa uliokunjwa pembeni, na kila nikiliona natamani kulifumua nilishone upya.

Jumapili iliyopita watoto walikuja kupanga mambo ya misa. Walikuja wote, na wakwe na wajukuu. Nilikuwa nimejiandaa kuwakumbusha sheria getini, nikafungua mdomo, nikaona hakuna haja. Brian alikuwa amekwisha kuingiza mikono mfukoni. Fransiska alikuwa amejifunga khanga na mikono yake ndani. Anande na Ndesanjo, wajukuu zako, walikuwa na mikono mifukoni kwenye nguo nilizowashonea Pasaka, mifuko hadi magotini. Tukasimama kwenye uzio wote tumejipanga, na hakuna aliyetupanga.

Monita alikuwa juu karibu na mawe ya Kiranja, kundi limemzunguka. Akatuona. Akashuka hatua tatu, nne, akainua pua, akaijua harufu yangu katikati ya harufu zote. Nilimwona anaijua. Akasimama hivyo kidogo, sikio lake limepinda. Halafu mwanakondoo mmoja akalia nyuma yake, naye akageuka akarudi, akalala chini katikati yao.

Brian akasema taratibu, "Baba, hata hakusalimii."

"Hapana," nikamwambia. "Hanisalimii."

Nikageuza uso upande wa mlima, maana nilikuwa nalia, na nilikuwa na furaha, na iliniuma, vyote kwa pamoja. Fransiska alitoa mkono wake kwenye khanga akauingiza mfukoni mwangu, akaushika wangu humo ndani. Hakusema habari ya chumba cha Elerai, na Brian hakusema habari ya geti la Usa River. Mwaka haukuwa umetimia bado, zilibaki siku tatu. Leo umetimia.

Basi Brian, Fransiska, mmesoma. Mbwa alikuwa barazani, na aliyemweka pale ni mimi. Mkitaka kunigombeza njooni baada ya misa, ila mje na mabuti, kuna matope. Na wewe Mama Brian, niwie radhi kwa Kiranja. Kwa yaliyobaki sikuombi radhi, nimeyafanya kama ulivyotaka, na nitaendelea kuyafanya hadi nichoke au nizeeke. Bado sijachoka.

Misa ya kukuombea itasomwa nyumbani Kibosho Jumamosi tarehe 25 Julai, saa nne asubuhi. Jumapili yake tutapokea ndugu na marafiki shambani, Oldonyo Sambu. Koti la wageni la zamani haliko tena getini, liko zizini, limechakaa, na majike mawili yamezalia juu yake. Nimeshona jipya, la kijivu vilevile. Aliyevaa nguo isiyo na mfuko alivae hilo.

Wanaokukumbuka ni mimi mumeo, Ludovick, fundi wako, watoto wako Brian na Fransiska, mkweo Abdiel, ambaye bado ni Mlutheri na bado anapokea wageni vizuri kuliko sisi, mkweo Hilda, wajukuu zako Anande na Ndesanjo, pamoja na Evaresta mdogo, wa miezi minne, aliyezaliwa hukumwona, ambaye kigauni chake cha kwanza nimekitia mfuko, jirani yetu Joel na mama watoto wake, Burhanuddin na Zahabiya, walimu wenzako wa Daraja Mbili, na wote uliowahi kuwakagua kwa rula.

Jana jioni nilisimama mlangoni pa zizi nikahesabu. Nikaja jikoni, nikavua mabuti. Hakukuwa na mtu wa kumwambia, kwa hiyo nakuambia hapa, ndipo nile.

Hamsini na watatu, na Monita. Wote wapo, Mwalimu. Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, na mikono iko mifukoni.